Shimo Kwenye Masale

Mapacha wakizaliwa Uru, huku mlimani Kilimanjaro, watu huja na maziwa na mikungu ya ndizi, wakala, wakacheka, wakasema hongera, wakaondoka. Nepi hawaondoki nazo. Nepi anabaki nazo mama.

Digna, mke wa Julius, alikuwa nazo arobaini, vipande vya kanga kuukuu na mashuka yaliyochanika, na kila alfajiri ishirini na ushee zilikuwa zinamsubiri kwenye beseni. Mapacha wake, Joyness na Mathew, walikuwa na miezi saba. Mkubwa wao, Rodrick, alikuwa na miaka minne, na kazi yake ilikuwa kuuliza maswali. Julius alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa kule tambarare. Alipanda nyumbani Jumamosi jioni, akashuka Jumapili jioni, na katikati ya hapo alilala. Alilala jamani! Digna alikuwa akimtazama anavyokoroma mpaka machozi ya wivu yanamlengalenga.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kilikuwa cha mama mkwe, Mektrida, mwanamke asiyetaka mchezo. Kwake hakuna kufulia ndani ya mfereji: maji yanachotwa, mtu anafulia kwenye beseni, na maji machafu yanamwagwa kwenye shina la mgomba. Maganda ni ya ng'ombe. Samadi ni ya migomba na kahawa, majivu ni ya mboga. Hakuna kitu kilichowahi kuitwa takataka ndani ya kihamba kile, na watoto walikunywa maji safi kutoka mfereji uliochimbwa na mababu. Ni maisha mazuri, sikatai. Ila kila kilichochotwa, kikabebwa na kumwagwa, kilipitia kwenye mgongo wa Digna, na mgongo ulikuwa mmoja.

Basi Krismasi ya mwaka tisini na tisa, watu wa Dar walipopanda nyumbani kama ilivyo kawaida yao, wifi yake Violet akashuka kwenye gari na maboksi mawili ya nepi za kutupa.

"Wifi, unamvalisha mtoto, akilowa unatupa. Basi!" akasema Violet. "Mjini siku hizi nani anahangaika na beseni?"

Mektrida akachukua moja, akaivuta huku na huku, akaipasua. Ndani mlikuwa na pamba yenye chembechembe.

"Hii inaoza?" akauliza.

"Mama nawe! Inatupwa."

"Nimeuliza inaoza au haiozi."

"Haiozi upesi."

"Basi rudi nayo Dar. Kihamba hiki hakiingizi kitu kisichooza."

"Ndiyo, mama," akasema Digna kwa adabu zote, na Violet alipoondoka, maboksi yale yalikuwa chini ya kitanda cha Digna.

Msimlaumu. Januari nzima aliwavalisha mapacha nepi zile wakati wa kulala, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alilala saa nne mfululizo. Asubuhi alilowesha nepi za kanga zilizokuwa safi kabisa, akazifikicha mbili tatu za kuzugia, akazianika, na mama mkwe akasifu jinsi zilivyotakata. Zilizotumika alizifunga kwenye mifuko ya rambo, akaificha nyuma ya banda la kuni. Mifuko ikaongezeka. Jua likaiva, harufu nayo ikaiva.

Azitupe wapi? Chooni, shimo lingejaa. Korongoni, mvua ingezisomba hadi mtoni, na mtoni wako watu wa chini wanaochota maji ya kunywa. Kuchoma, Mektrida aliwahi kumwambia kwamba ukichoma kinyesi cha mtoto, makalio ya mtoto yanababuka, na Digna, darasa lake la saba na yote, hakuthubutu kujaribu kwa wanawe. Migombani, jembe la mama mkwe lingezifukua kabla ya wiki kwisha. Alizunguka kihamba kizima na jembe mkononi, hoi bin taaban, akitafuta pahali pa kitu kisicho na pahali. Mwisho akafika mpakani, penye ule mstari wa masale. Udongo wa pale ulikuwa laini, haulimwi na mtu. Akachimba, akazika, akarudi kunyonyesha.

Mae! Masale! Huo si uzio wa maua. Yale majani marefu ndiyo mpaka wenyewe, yamepandwa na waliotangulia, na ndiyo hayohayo yanayopandwa makaburini mwao. Mtoto wa Uru anajua kabla hajajua kusoma: kwenye shina la sale hapachimbwi. Anayechimba pale anahamisha mpaka au anamzikia jirani uchawi. Digna alilijua hilo kama jina lake. Lakini uchovu ukizidi, mtu anasahau hata jina lake.

Kesho yake Theopista, mke wa mzee Filemon wa jirani, akaliona lile tuta jipya la udongo. Mzee Filemon hakuja kuuliza. Mfereji wa akina Digna ulipitia kwanza kwenye kihamba chake, na pale ulipogawanyika aliziba kwa mawe na matope, akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hatawapa maji watu wanaomlia ardhi yake.

Sasa hapo ndipo Digna alipoionja dunia. Nepi za kutupa zilikwisha wiki hiyohiyo, na maji yakawa mtoni, kwenye mteremko wa kuvunja miguu. Akashuka na ndoo, pacha mmoja mgongoni, mwingine akilia kwa bibi yake, Rodrick nyuma akiuliza maji yetu yamekwenda wapi. Akapanda, akafua, maji yakaisha, akashuka tena. Mara nne kwa siku. Kila jioni alijiambia, leo nasema. Kila jioni alimtazama Mektrida anayeapa kwa Yesu na Maria kwamba ukoo wake haujawahi kugusa mpaka wa mtu, na akarudi kwenye beseni. Atasemaje kwamba amezika mavi ya watoto penye masale ya wazee? Tena baada ya "ndiyo, mama"? Akajikaza kisabuni siku sita.

Jumapili, baada ya misa, wazee wakaja mpakani. Mzee Eliufoo ndiye aliyekuwa akiamua mambo ya mipaka. Julius alikuwepo, amevimba kwa hasira kwa ajili ya jina la marehemu baba yake.

"Lifukuliwe," akasema mzee Eliufoo. "Tuone kilichomo."

Julius akainua jembe.

"Acha," akasema Digna. Sauti ilitoka ndogo. "Shikamooni wazee. Ni nepi."

"Ni nini?"

"Nepi za watoto. Zile za Violet. Nimezika mimi."

Hakuna aliyemwamini. Tangu lini mtu akafunga mfereji kwa sababu ya nepi? Wakachimba. Zikatoka, zimevimba kama maandazi, nyeupe vilevile, nyingine mwezi mzima tangu zivaliwe, na hata moja haijaoza. Theopista akaziba pua. Mzee mmoja akaanza kucheka, akanyamazishwa.

"Nani alikutuma uchimbe hapa?" akauliza mzee Eliufoo.

"Hakuna, mzee. Nilikuwa nimechoka. Udongo ulikuwa laini."

Akangoja Mektrida afoke. Kikongwe akamtazama mkwewe kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha kwenye nyufa za vidole vya mikono zilizokuwa zikitoa damu kwa sabuni na maji. Kisha akageuka, akachuma jani la sale upande wa kwake, akalifunga fundo, akamwinulia mzee Filemon kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kumwomba mtu radhi maisha yake yote.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Amekosa. Tunakuomba."

Sale likishainuliwa, mtu wa Uru halikatai, hata kama moyo haujapoa. Filemon akalipokea. Likabaki suala la zile nepi, na hapo wazee waliokata kesi za mipaka miaka nenda rudi wakashikwa na kigugumizi. Mmoja akasema zichomwe, wanawake wakapiga kelele. Mwingine akasema korongoni, akaulizwa kama yeye hanywi maji.

"Zitiwe kwenye gunia," akasema Mektrida. "Zikae stoo ya kahawa. Krismasi Violet akija atarudi nazo Dar."

Basi Julius, fundi mzima, akaziokota moja moja kwa mikono yake, ameukunja uso, jua la mchana likiwaka. Alipomaliza, Filemon alikwishaondoa mawe. Maji yakaja yakipiga kelele kwenye mfereji, na Rodrick akakimbia kuyapokea. Watu wakampongeza Digna. Hongera mama Rodrick, yamekwisha, maji hayo! Wakaenda kwa Filemon kunywa mbege, pombe ya ndizi, ya upatanisho.

Digna akakaa chini kando ya mfereji, akalia.

"Unalia nini sasa?" Julius akamuuliza. "Si wametusamehe? Si maji yamerudi?"

"Yamerudi," akasema Digna. "Yamerudi ili nifue. Nimechoka, Julius. Nimechoka mpaka nimechimba mpaka wa baba yako, na wewe unaniuliza nalia nini."

Julius akaitazama mikono yake. Akainusa. Pale mlangoni beseni lilikuwa limejaa nepi za tangu alfajiri, na kutoka kwa Filemon walikuwa wanamwita kwa jina aje anywe. Hakwenda. Akakunja mikono ya shati la misa, akachota ndoo ya maji, akaimwaga kwenye beseni, akachuchumaa.

"Sabuni huwa inakaa wapi?" akauliza.

Miaka sita ya ndoa kwenye nyumba ile. Digna akafuta machozi. Akamwonyesha kwa kidole.