Kitabu Kilichoachwa Wazi

Mimi Geula sina ugomvi na vitabu. Ugomvi wangu ni na mume wangu Shabtai. Wenziwe hapa Yerusalemu wananunua nyumba. Yeye akisikia kuna karatasi iliyochapwa na wale Wayahudi wa kale waliofukuzwa Hispania, hali, halali.

Kimoja, kilichochapwa Istanbul, alikipata kwa wajukuu wa mzee mmoja wa Haleb, kule Syria, watu wa kwetu kabisa. Kilikuwa kitabu cha sala, umri wake yapata miaka mia tano, herufi nyeusi tititi kana kwamba wino umekauka jana. Alikileta amekikumbatia kama mtoto mchanga, machozi yanamtoka. Kwenye ukurasa wa kwanza mtu ameandika kwa mkono: "Kimewekwa wakfu kwa roho ya mwanangu Yeshua, aliyekufa bila mtoto wa kumwombea. Kisiuzwe. Kisomwe."

"Baba Ovadia," nikamwambia, "hiki ni cha sinagogi. Marehemu anadai sala zake."

"Wakakipake mafuta kwa vidole vyao? Wee mama, duniani vitabu hivi havifiki vitatu!"

Akakitia kwenye kabati la kioo, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni. Tena akakiacha wazi, kwenye ukurasa wenye nakshi, ili wageni wakione. Hapo nikapandwa na hasira. Kwetu hata mtoto mdogo anajua: ukiinuka kitabuni, funga. Ukikiacha wazi, atakuja kusoma asiyekuwa wewe. Mama yangu alitufinya masikio kwa kosa hilo, na sidhani kama alikosea.

"Mambo ya bibi zako hayo," Shabtai akacheka.

"Haya. Asiyesikia la mkuu unajua kinachomvunjika."

Siku moja nikipangusa kioo nikaona tone la nta ukurasani. Vitabu vya kale vina matone mengi, wasomaji wake walitumia mishumaa. Lakini hili lilikuwa jeupe, bado linang'aa. Na ukurasa haukuwa ule wenye nakshi. Nikamuuliza Shabtai kama alikifungua. Akashika ufunguo wake, akaniuliza kama mimi ndiye niliyekifungua. Kumbe hakuna aliyekigusa.

Sasa mjue kwamba Shabtai alikuwa msomaji wetu sinagogini. Ile sauti! Watu walivuka mitaa miwili kuja kuisikia, na mimi nyuma ya pazia la wanawake nilijiona malkia, sikatai. Juma lile alisimama kuongoza sala ya asubuhi, sala aliyoijua tangu hajaota meno, akanyamaza. Maneno hayakuja. Wakampa kitabu asome. Akazitazama zile herufi kama mtu aliyesahau kusoma. Daktari akampima, hakuona kitu.

Nikaenda kwenye kabati. Ukurasa wa sala ya asubuhi ulikuwa umeshapita, una nta. Kesho yake ukapita wa sala ya alasiri, na alasiri ile Shabtai akakaa kimya kama jiwe.

"Marehemu anakunyang'anya sala, mume wangu! Kifunge, nakuomba!"

Unajua alinijibu nini? "Geula, nimekusanya vitabu maisha yangu yote. Hakuna mwenzangu aliyewahi kuona kitabu chake kikisomwa na marehemu mwenyewe." Macho yanamwaka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo. Nililia siku ile, nikamtukana pia.

Ikaja jioni ya Ijumaa. Nimeshawasha mishumaa ya Sabato jikoni, meza iko tayari, mwanetu Ovadia amekuja. Shabtai akainua kikombe cha divai abariki. Midomo ikatetemeka, hakuna kitu.

Mara baraka ikasomwa. Taratibu, kwa ile sauti tamu ya mume wangu, mwanzo hadi mwisho. Ovadia akaitikia, "Amina," kama alivyozoea, akatabasamu. "Baba leo umeipatia kweli!"

Kisha akaona mdomo wa baba yake umefumba. Sauti ilitoka chumba cha vitabu.

Kikombe kikaanguka. Nikauchomoa ule ufunguo shingoni mwa Shabtai, naye hakunizuia, analia tu. Mle chumbani mlinuka utambi uliozimwa sasa hivi. Sabato imeingia, hakuna Myahudi anayegusa moto. Lakini wafu hawafungwi na amri. Nikafungua kioo. Ukurasa wa baraka ya divai ulikuwa unajiinua wenyewe, na chini yake nikaona kinachofuata: maneno ya harusi, yale Shabtai aliyoniambia akinivisha pete. "Tazama, umewekwa wakfu kwangu kwa pete hii."

Nikabana ukurasa kwa kiganja. Ukanisukuma. Wallahi, ulinisukuma.

"Yeshua mwanangu," nikasema, "tumekudhulumu, najua. Ulizochukua chukua. Hili hapana, hili langu."

Ukasukuma mara moja tena, ukalegea. Nikakifunga, nikakibusu.

Baada ya Sabato, Shabtai mwenyewe alikibeba hadi sinagogini. Kinasomwa kila siku, vidole vya mafuta na yote. Sala zake hazikurudi. Anakaa benchi la nyuma, anaitikia Amina tu. Lakini wakikifungua kile kitabu, chini ya sauti za watu nasikia nyingine, tamu, inayoongoza. Mwanzoni niliogopa. Siku hizi nainamia pazia kuisikiliza, kisha naona aibu, maana mwenye sauti yule pale amekaa kimya.

Ijumaa, Ovadia ndiye anayebariki divai. Akimaliza, Shabtai hunishika mkono na kuniambia maneno pekee matakatifu yaliyobaki kinywani mwake: "Tazama, umewekwa wakfu kwangu." Kila Ijumaa. Wajukuu wanacheka, wanasema babu anamwoa bibi tena. Mimi naitikia Amina haraka, kwa sauti kubwa, asije akatangulia mwingine.