Wakaaji Mia Mbili wa Nyumba Moja

Kitako cha bunduki kilimpata Pontien ubavuni kabla hajamaliza kusema mwaramutse. Bariyeri ya Musaga, kizuizi cha wanajeshi, haikuwa mahali pa salamu.

"Karangamuntu."

Pontien akatoa nusu. Nusu ya pili ya kitambulisho hicho ilichanwa juzi, hapohapo, na mwanajeshi aliyekuwa na hasira zake.

"Leo pita. Jioni ukirudi na nusu, na sisi tutapeleka nusu yako kwa bibi yako."

Mtaroni alilala mtu kifudifudi, ameshavuliwa viatu. Huyo hakuwa hata na nusu.

Katika ofisi ya vitambulisho ya Rohero, karani Adrien alimwambia fomu za mkono zimekwisha. Huu ni mwaka 2004, serikali imefungua saiti. Raia anajiandikisha kwenye kompyuta, analeta karatasi, anapigiwa muhuri.

"Ni kitu rahisi, mzee. Ata mutoto anaweza."

Pontien alikuwa fundi mwashi; mashini aliyoijua ni ya kuchanganya zege. Kwenye sibakafe ya jirani, kwenye kompyuta za kukodi, Assia mwenye duka alimwandikia. Jina. Jina la baba. Kilima cha kuzaliwa. Yote akajibu.

"Avenue na namba ya nyumba?"

Pontien akatazama mlango. Mwaka 95 watu walikuja mtaani kwao na karatasi iliyopangwa vizuri hivyohivyo, avenue kwa avenue. Walianza namba mbili. Tano wakairuka, haikuandikwa. Baba yake alikuwa namba saba. Walikuwa na panga moja tu, wakapokezana.

"Dada, acha apo wazi."

"Mashini inakatala. Weka kama wenzako, papa: avenue ya kambi, namba moja."

"Kambi ya wanajeshi?"

"Mwenye kukutafuta aende kugonga kule."

Pontien akacheka, ubavu ukamkata.

Ofisini, Adrien aliisoma karatasi, akavua miwani.

"Na we unakaa kambini?"

"Ndiyo, shefu."

"Namba moja. Mulalaje mule? Tangu juma lililopita nyumba iyo imeshafika watu mia mbili na kumi na ine. Watatu wana mimba."

Hakuna aliyecheka. Akamwita polisi wa mlangoni. Kofi la kwanza lilimwangusha Pontien, kiatu kikamfuata chini. Mstari mzima wa wenye kungoja ukaangalia dari.

"Raia amutaki maendeleo," Adrien akasema. "Tunawatengenezea saiti, munaijaza uongo. Sema unakaa wapi kweli, nakupa karangamuntu saa hii."

Muhuri ulikuwa tayari mkononi. Pontien akainuka, akajipangusa damu mdomoni.

"Nitasema, shefu. Lakini anza we. We unakaa avenue gani?"

Adrien akavaa tena miwani. Akamtazama polisi, akatazama nyuso arobaini za mstari, moja moja, kama mtu anayetafuta ni ipi itakayokuja kumgongea usiku.

"Iyo aikuangalii, si kazi yako," akasema kwa sauti ndogo.

Polisi alishusha rungu. Naye alikuwa akingoja jibu.

Mama mmoja wa mbele, Daphrose, akaichukua karatasi yake mezani, akaikunja, akaitia kifuani. Wa nyuma yake akachukua yake. Muhuri ukabaki hewani.

Saa kumi na moja Pontien alishika njia ya Musaga na nusu ileile mfukoni, mikono ameshainua juu hata kabla bariyeri haijaonekana.