Dawa Aliyonyimwa Bimdogo

Siku Bimdogo alipolazwa na homa ya kidingapopo, nyumba yao ya Ndia Kuu ilikuwa kama imezama majini. Mapazia yalipanda na kushuka taratibu, jua la adhuhuri likiogelea ukutani, na Swafia, mwanawe wa pekee, alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa hajui kama yu macho au anaota.

"Swafia," mama aliita, macho kayafumba. "Hiyo dawa yako i wapi?"

Loo, dawa! Mtaa mzima uliijua. Swafia alikuwa mkemia, ndiye aliyeitengeneza, na mamake ndiye aliyeitangaza. Swafia aliwahi kumweleza mamake: kirusi ni mgeni asiye na chungu wala kuni, huingia ndani ya seli akapikia jiko la mwenyeji, ndipo azaane. Jiko hilo ni kimeng'enya cha seli, na dawa hulizima. Katika vichupa vya maabara ilifanya kazi, wallahi. Lakini jiko ni letu wenyewe, na hakuna binadamu aliyewahi kuinywa. Likizimika lisiwake tena, je?

Maabara haikuwa mbali. Swafia alivaa buibui, akafika mlangoni, akalikumbuka lile jiko, akageuka. Alirudi na kikombe cha dafu.

"Kunywa, mama."

Bimdogo akanywa, akatabasamu. "Chungu kidogo. Lakini naisikia inanipoza." Homa ilikuwa imemharibu ulimi, maskini. Swafia alitaka kumsahihisha, akamwonea huruma, akapokea kikombe.

Homa ikashuka yenyewe. Bimdogo hakuwa amepata hata nguvu za kusimama vizuri, keshawaambia majirani kuwa mwanawe kamponya. Asubuhi moja Bi Nabiha wa nyumba ya pili akaingia bila hata hodi.

"Mume wangu Mzamil anaungua kwa homa, Swafia. Nipe na mie hiyo dawa. Usininyime, mwanangu."

"Mpe," Bimdogo akasema kwa fahari.

Swafia akasimama. "Hospitali, Bi Nabiha, sasa hivi. Mama sikumpa dawa. Lilikuwa dafu."

Bimdogo akamkazia macho. "Uliniona nafa, ukaninyima?"

"Nilikunyima, mama." Machozi yalimtoka. "Na Mzamil namnyima vilevile."

Akatoka kumwitia Mzamil tuktuk.