Marekebisho ya Félicien

Musoki alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba yake pale Mbunya kompyuta ilipolia ndani. Alijifuta mikono kwa kitenge, akaingia, akakuta marekebisho mapya kutoka kwa Félicien. Félicien alikuwa amekufa tangu mavuno ya mahindi.

Marekebisho yalikuwa mazuri. Alikuwa ameziba mahali ambapo kompyuta moja ingeweza kuidanganya nyingine. Musoki aliyasoma mstari kwa mstari, akayajaribu, akayapokea, kisha akarudi kwenye kamba ya nguo.

Kazi yao ilikuwa hii. Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza kwa siri, kwanza husalimiana, kila moja ihakikishe kwamba mwenzake ndiye kweli. Halafu hukubaliana ufunguo, na anayetegea sikio njiani hapati neno. Msimbo wa kufanya hayo waliuandika wao wawili wakiwa wanafunzi, wakautoa bure, nao ukasambaa. Ulikuwa ndani ya simu za wanunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu, ndani ya mashine za hospitali, ndani ya vyombo vya nchi ambazo Musoki asingefika. Msimbo wa namna hiyo hauachwi peke yake. Kila mara mtu mahali fulani hubuni njia mpya ya kuuvunja, na lazima mwingine akae aurekebishe. Sasa aliyekaa ni Musoki tu. Juma zima liliweza kupita asiongee na mtu ila muuza makaa.

Félicien alikuwa amekwenda Fataki kumsaidia mama yake kuvuna. Redio ilisema barabara ni salama, na kwa wengi ilikuwa salama. Gari lilikutwa milango wazi. Mwili haukupatikana, kwa hiyo walizika koti lake.

Baada ya yale marekebisho Félicien alianza kuja mwenyewe, jioni, saa ambayo watu wanawasha jiko. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, suruali imelowa umande mpaka magotini hata siku za jua kali. Jirani, Mama Adeline, alimsalimia akipita na bidoni la maji, akalalamika kwamba anamwachia matope njiani. Félicien aliomba radhi. Yeye na Musoki walifanya kazi mpaka betri ikaisha, kisha akaondoka. Musoki aliendelea kupika chakula cha mtu mmoja, maana Félicien hakula.

Kampuni moja ya ng'ambo iliandika kuuliza kama kila badiliko linapitiwa na watu wawili, jinsi kanuni inavyotaka. Musoki alijibu kwamba ndiyo, ila mmoja wao ameuawa. Wakauliza kama bado anajibu akiandikiwa. Alisema anajibu. Wakashukuru, hawakuandika tena.

Jioni moja alimwuliza Félicien ni nani waliomuua. Akataja majina mawili bila kupandisha sauti, na shamba la mihogo alikolazwa, nyuma ya kizuizi cha barabara ya Fataki. Wale watu, alisema, wako pale pale. Amani ilipokuja walipewa sare, wakaambiwa waendelee kulinda njia.

Musoki alikwenda kwenye ofisi ya mambo hayo. Ofisa alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa kwamba habari imetoka kwa marehemu. Wengi waliofika pale walikuwa wameambiwa vile vile.

“Mama, hii amani iko bado mutoto mudogo,” alisema. “Imelala. Usiiamushe.”

Jumapili Léontine, mama yake Félicien, alipiga simu kutoka Fataki.

“Nasikia anafikaka kwako,” alisema. “Juu ya nini kwangu hafikake?”

Félicien alikuwa pale kitini. Musoki alimgeukia.

“Kwa bariere wananiomba karte,” alisema Félicien. “Na karte, ni wao wenyewe walibeba.”

Musoki alimfikishia mama jibu hilo kama lilivyo, la kizuizi na la kitambulisho walichokichukua wao wenyewe. Mama akasema atakuja kumchukua.

Alifika kwa pikipiki, na mfuko wa viazi mapajani. Félicien alipoingia jioni, mama alimkung'uta udongo mabegani, akamwambia amekonda. Walizungumza habari za mbuzi, za paa linalovuja, za binamu aliyeoa. Musoki aliwaachia chumba, akakaa nje kwenye jiwe la kufulia. Ndani walicheka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alicheka katika nyumba ile.

Siku ya pili mama na mwana walipanda pikipiki moja na mfuko wa mama, wakaondoka. Musoki alifagia, akaosha sakafu, akafungua kompyuta, akaifunga.

Jioni Félicien alirudi kwa miguu. Musoki alipomwona anavuka mfereji moyo wake ulifurahi, na papo hapo akaona haya. Alimkaribisha kiti. Félicien alieleza kwamba kizuizini walishushwa wote. Askari mmoja alimtazama sana, akamwambia: “Weye tunakujua. Lakini bila karte haupite.” Mama alisihi. Haikufaa. Basi yeye akageuka, na mama akaendelea na safari.

Simu ililia wakiwa bado wanaongea. Léontine alikuwa amefika nyumbani.

“Yule mwenye alinisaidia kubeba mufuko mupaka ngambo ya bariere,” alisema, “njo yeye?”

Musoki alimtazama Félicien. Félicien alirudia moja la yale majina mawili, akatikisa kichwa kwamba ndiye.

“Njo yeye, mama.”

“Aliniita mama. Mi nikamwambia aksanti.” Kisha akauliza: “Ningesema nini?”

Musoki alisikia kuku wa mama kwenye simu, na mlango ukifungwa. Félicien aliinama mbele akanong'ona kwamba amwulize kama maharage ya bondeni yameota.

“Yameota,” mama alisema. “Lakini mvua imezidi.”