Ndevu za Mzee Mvukuto

Ndevu za kwanza Mashavu alizitengeneza kwa manyoya ya mbuzi, nazo hazikumaliza hata siku. Alizibandika asubuhi, akawa anajitazama kwenye kioo cha saluni yake pale Kilole, mara akaingia Stefano, kinyozi wa chumba cha pili, kuazima kitana. Stefano akasimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Dada Mashavu, una mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Nasikia harufu ya beberu."

Zikaenda jalalani.

Mashavu alikuwa msusi, na mikono yake ilijulikana Korogwe nzima. Lakini mwaka ule alikuwa ameingia kwenye ule mchezo wa vijana wa kuvaa na kujipamba mpaka mtu afanane na mhusika wa kwenye katuni, mchezo wanaouita kosplei. Tamasha lao lilikuwa lifanyike Handeni mjini. Muhsin, kijana wa hapohapo Kilole, alikuwa akichora katuni na kuzisambaza kwa simu, na katika katuni hizo alikuwemo mhunzi mmoja mkaidi aitwaye Mzee Mvukuto, anayefua majembe na kuwatandika wezi wa mifugo kwa nyundo. Kila aliyesikia kwamba Mashavu anashiriki alidhani atavaa umalkia.

"Malkia watakuwa wengi," alisema. "Mimi nataka kuwa mhunzi."

Nyundo aliipata, na aproni ya ngozi aliishona mwenyewe. Tatizo likawa ndevu. Mara ya pili alitumia rasta, zile nywele za dukani, akazishona kwenye kitambaa na kuzikata vizuri. Stefano akazitazama kwa muda.

"Zimenyooka, tena zinameta," akasema. "Hizi ni ndevu za mtu wa kwenye kalenda. Umewahi kumuona mzee wa Kizigua mwenye ndevu hizi?"

Neno hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Basi Jumapili akafunga saluni, akaenda Kang'ata kwa babu yake, Mbwana, aliyekuwa na ndevu za kutosha watu wawili. Alimkuta uani anapukuchua mahindi. Baada ya salamu, Mashavu akavuta kigoda, akasogeza uso karibu na kidevu cha babu, akatulia hapo.

"Mjukuu wangu," babu akauliza bila kuacha mahindi yake, "unatafuta chawa?"

"Natazama zinavyoota, babu."

"Zinaota zenyewe. Sijawahi kuzisimamia."

Bibi Rukaya, mkewe, alicheka jikoni mpaka akashika kizingiti. Lakini Mashavu aliona mambo mengi siku ile. Aliona kwamba mvi hazitawanyiki ovyo. Zimeanzia kidevuni na kupanda kama majivu yanayopeperuka. Mashavuni ndevu ni haba na bado nyeusi. Kila unywele umejikunja, na za shingoni zinaelekea upande wake. Tena chini ya mdomo, kushoto, palikuwa na upara mdogo, ambapo babu aliungua na kaa la moto utotoni. Akampiga picha za kila upande, na babu, aliyeanza kwa kulalamika, akaishia kugeuza shingo mwenyewe kabla hajaambiwa.

Aliporudi Kilole alianza upya. Rasta akazilowesha kwenye maji yenye siki ili zipoteze ule mng'ao. Akachanganya nyeusi, za kijivu na za kahawia kidogo, akazizungusha kwenye njiti za chelewa na kuzichovya katika maji ya moto, na zilipopoa zikabaki zimejikunja. Kisha akachukua kitambaa cha wavu mwembamba, kile cha kushonea wigi, na sindano yenye kijikulabu wanayotumia kwenye dredi, akaanza kupitisha unywele mmojammoja na kuufunga fundo. Wateja walisukwa huku wanazitazama zikikua. Palipostahili upara, akaacha upara. Mwisho Stefano akachukua mkasi.

"Ndevu hazikatwi tu," akamwambia. "Zinachongwa."

Siku ya tamasha Stefano alimbandika asubuhi na mapema kwa gundi ya kope, akibonyeza pole kwa pole, kwani Handeni kusingekuwa na wa kumsaidia wala kioo cha maana. Mashavu akavaa kanzu, koti kuukuu, kofia na miwani ya kusomea. Aproni na nyundo akavitia begini. Alipotoka nje, muuza mkaa wa jirani akamwamkia. Mashavu akaitikia kwa sauti nzito, akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Segera, njia panda, alishuka kungojea gari la Handeni. Akaketi kwenye benchi la mama ntilie, akaletewa chai kabla ya waliomtangulia. Alikuwa bado anafurahia heshima hiyo pale alipohisi mtu anaketi kando yake.

"Shikamoo mzee," mtu huyo akasema.

Alikuwa Sabiri, baba yake mzazi.

Baba aliuza machungwa palepale Segera, hilo Mashavu alilijua. Asilolitazamia ni kumkuta mbali na meza yake, amevaa shati la Idi. Tena walikuwa hawajazungumza tangu siku baba alipomwambia kwenye simu kwamba kazi ya ususi anaielewa, ila mwanamke kujivika ndevu mbele za watu ni kujitafutia aibu. Kumwitikia baba marahaba ulimi ulikataa kabisa. Mashavu akakohoa, akainua mkono.

"Pole kwa kikohozi," Sabiri akasema. Kisha akaendelea kumtazama. "Uniwie radhi kwa kukukazia macho, mzee wangu. Ni hizo ndevu. Nina baba yangu Kang'ata, ungedhani mmezaliwa tumbo moja. Hata hapo chini ya mdomo. Na wewe uliungua?"

Mashavu akatikisa kichwa, nusu ndiyo, nusu hapana.

"Naelekea Handeni," Sabiri akasema, kama wafanyavyo watu kwa wazee wasiowajua. "Binti yangu ana mchezo wake kule leo. Hajui kama naenda, ni babu yake aliyenidokeza. Nilimtolea neno lisilofaa, na neno likishatoka ndiyo basi. Sasa nimewaza, watu wakimcheka, awepo walau mmoja wa kumpigia makofi. Nitakaa nyuma tu."

Mashavu alikuwa bado ameshika chai. Aliiweka chini, akavua miwani.

"Baba," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "shikamoo."

"Marahaba," Sabiri akaitikia kwa mazoea, kabla akili haijafika. Ilipofika akajirudisha nyuma hadi mwisho wa benchi. Akatazama yale macho, akatazama vile vidole virefu vya msusi. "Mashavu?"

"Ni mimi, baba."

"Nimekupa shikamoo."

"Sikuitikia. Nilikohoa."

Mabega ya Sabiri yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mama ntilie akaja kuuliza mzee amesema nini. Alipoacha kucheka alinyoosha mkono, akazigusa zile ndevu kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ni za baba," akasema polepole. "Umemtengeneza baba yangu." Halafu akaongeza, "Yale maneno ya simu, mwanangu, uyasahau."

"Nimeshayasahau."

Handeni walifika pamoja. Mlangoni pa ukumbi dada mmoja wa mapokezi, Upendo, alimshika Mashavu mkono kwa adabu zote, akamketisha safu ya mbele na wageni rasmi, akampa maji. Kila alipotaka kueleza, kelele za muziki zilimmeza. Jina lake likaitwa jukwaani, likaitwa tena, na kila alipoinuka Upendo alimketisha kwa upole. Msimamizi akasema mshiriki kutoka Korogwe hakufika. Ndipo Sabiri, aliyekuwa kweli amekaa nyuma, akasimama juu ya kiti.

"Yupo," akasema kwa sauti ya muuza machungwa. "Huyo mzee mliyempa maji ni binti yangu."

Ukumbi ulilipuka. Mashavu akapanda na nyundo yake na aproni, na kila alivyozidi kumcheza Mvukuto ndivyo watu walivyozidi kupiga kelele. Jaji mmoja aliomba kuvuta ndevu, akavuta, akaomba radhi. Mashavu akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa kijana aliyejigeuza mamba kutoka kichwa hadi mkia, na Mashavu mwenyewe alikiri kwamba mkia ule ulistahili. Kabla hajashuka, kiongozi wa kikundi cha maigizo alikuwa ameshaomba namba yake: walitaka ndevu za wazee wanne, na sharubu za askari mmoja.

Gundi ya kope haitoki bila mafuta na subira, kwa hiyo walikwenda kula akiwa vilevile. Mhudumu wa mgahawa alimnawisha Mashavu kwanza, akamwekea sahani, kisha akainama.

"Na huyu kijana wako, mzee, tumpe nini?"

Mashavu akamtazama baba yake, aliyekuwa ameinamia meza anajizuia kucheka.

"Mpe wali na nyama," akasema kwa ile sauti nzito. "Ametoka mbali."