Mlali Mbili, Rudia Maelekezo

Watu wakisikia mchezo wa kompyuta wanadhani ni mambo ya kitoto. Waache wadhani. Jumamosi ile, saa tisa alasiri, Eufrazia alikuwa chumbani kwake Morogoro mjini, hedifoni masikioni, viganja vimelowa jasho, anafanya mtihani wa kuongoza ndege zinazokwenda kutua Dar es Salaam. Ndege zenyewe ni za kwenye skrini, ila marubani ni watu kweli, kila mmoja yuko kwake. Na mtahini ni mtu kweli pia: Said wa Tanga, ambaye hasemi kitu, anasikiliza tu na kuandika.

Ilikuwa mara yake ya tatu. Ukifeli ya tatu unakaa nje mwaka mzima, na binti huyu wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Mzumbe alikuwa amejifua miezi minane. Mara mbili zote alikuwa ameangushwa na kitu kimoja, adabu. Sheria inataka rubani akipewa maelekezo ayarudie yote, namba kwa namba, ili mwongozaji ajue yamefika. Sasa mtu mzima akimjibu "sawa, nimekupata," Eufrazia anamwacha aende zake. Amwambie rudia? Kwao kijijini Mlali mkubwa haambiwi rudia, na hilo halikuwa na mjadala.

Lugha ya kazi ile ni Kiingereza, lakini nitakusimulia kwa Kiswahili tusichoshane. Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu ndege mbili kutoka Dodoma zikaanza kukaribiana, akaisogeza moja, iliyojiita Mlali Mbili, kusini impishe mwenzake. Huko kusini ndiko kwenye milima ya Uluguru, na kilele chake kinapita futi elfu nane. Kwa hiyo hapo hakuna kwenda chini ya elfu kumi.

"Mlali Mbili, shuka hadi futi elfu kumi. Tarajia kutua kwenye njia namba sifuri tano."

"Sawa mwanangu, nimekupata."

Sauti ile angeitambua hata usingizini. Mwalimu Athanas, aliyemfundisha jiografia miaka minne, sasa mstaafu, na wanawe wamemnunulia kompyuta. Tena ni Eufrazia mwenyewe aliyemsimulia habari za mchezo huu kwenye harusi moja mwaka jana. Hapo kazi ipo.

"Mlali Mbili, naomba urudie maelekezo, mwalimu."

Mzee akacheka taratibu. "Nimeelewa, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Hudumia wengine."

Na kweli akahudumia wengine. Jamani, huyu binti naye. Akashughulika na ndege ya kutoka Mbeya, huku akijiambia kwamba mwalimu anajua anachofanya, mtu aliyewachorea ubaoni milima ile ile. Alipomtazama tena, Mlali Mbili alikuwa futi elfu kumi, kisha elfu tisa mia nane, na bado anashuka.

Aibu yote ikamtoka, ikabaki hofu. Yeye ndiye aliyempeleka mlimani.

"Mlali Mbili, acha kushuka. Panda hadi futi elfu kumi sasa hivi. Rudia maelekezo."

Namba zikazidi kushuka. Elfu tisa mia tano.

"Mlali Mbili, rudia maelekezo."

Sauti iliporudi haikuwa na kicheko. "Mlali Mbili, naacha kushuka. Napanda hadi futi elfu kumi."

"Sahihi," alisema Eufrazia, akaona namba zinaanza kupanda, naye akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu saa tisa. Baada ya hapo hakumwachia mtu. Kila aliyejibu "sawa" aliambiwa arudie, mzee kwa kijana, na wote wakarudia bila kinyongo. Mwalimu alitua wa nne, salama salimini.

Said alifungua mdomo mwishoni. "Ulichelewa kumbana yule mzee, nimekukata alama. Lakini ulimbana. Umefaulu."

Eufrazia alivua hedifoni akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo kichwani. Hajamaliza, simu ikaita. Mwalimu Athanas.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe kwa lipi? Nilikuwa nimeshaiwekea ndege ishuke hadi elfu sita, ndivyo nilivyozoea nikipita kaskazini ya milima. Hata sikukusikiliza. Na mke wangu, Mama Glory, yuko hapa pembeni yangu, leo ndiyo kakubali kuja kuona ninavyorusha, baada ya kumbembeleza mwaka mzima. Ningeubamiza mlima mkono wake ukiwa begani kwangu."

Eufrazia alifuta machozi kwa kiganja. Nyuma ya mzee alimsikia Mama Glory akiuliza kama huyo ndiye yule msichana mkali.

"Kesho saa kumi naruka tena," mwalimu alisema. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwalimu. Ila utarudia kila namba."

"Nitarudia kila namba," akasema mzee.