Springi Laini za Nabalayo

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na baridi.

Fundi Kigen alipanga seti mbili za springi fupi za kushusha gari, pamoja na shokabzoba zake, kando ya Pajero yangu kuukuu.

"Mzee, hizi ngumu ni za vijana wa kujionyesha. Hizi laini hazitamrusha mama."

"Tulimzika Alhamisi," nikasema.

Mke wangu Nabalayo alikuwa amelemewa na maumivu ya magoti. Nilitaka gari lishuke ili apande mwenyewe, bila kuinuliwa.

Mafundi wote waliweka spana chini. Kigen akavua kofia. "Pole sana, mzee. Basi nizirudishe?"

Leso ya Nabalayo ilikuwa bado kwenye kiti cha gari. Niliomba kimoyomoyo, kisha nikashika zile laini.

"Funga hizi. Kanisani kuna akina mama wenye magoti kama yake. Mbele yenu na mbele za Mungu, naahidi kuwabeba kila Jumapili."